Kutoka Ng'ambo ya Mto: Safari ya Kaunti ya Brown, Ohio

Ukitoka Cincinnati ukashika barabara namba 52 kuelekea mashariki, mto Ohio unakaa mkono wako wa kulia karibu safari nzima. Barabara inauacha kidogo, inaurudia, inapita vijiji vya nyumba za matofali mekundu na mabanda marefu ya mbao ambayo zamani yalijaa tumbaku ikining'inia kukauka. Ng'ambo ni Kentucky. Miti ya kule ni ileile ya huku, na jua linaziangazia kingo zote mbili sawasawa. Lakini kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mtu mweusi aliyesimama ukingo wa kule alikuwa mali: huuzwa, hurithiwa, huwekwa rehani. Ukingo wa huku, utumwa ulipigwa marufuku tangu 1787, kwa sheria iliyoweka utawala wa nchi yote ya kaskazini ya mto. Mpaka wenyewe ulikuwa maji.

Nilikwenda Kaunti ya Brown kwa sababu ya maji hayo. Kwenye jumba la makumbusho la historia ya watumwa watoro lililofunguliwa Cincinnati mwaka 2004 kuna kibanda cha magogo kilichong'olewa shambani katika Kaunti ya Mason, Kentucky, kikajengwa upya humo ndani. Mfanyabiashara wa watumwa alikuwa akiwafungia watu humo kabla ya kuwaswaga kusini kwenda kuuzwa. Kaunti ya Mason inatazamana na Kaunti ya Brown. Baada ya kusimama ndani ya kibanda kile nilitaka kuuona upande waliokuwa wakiutamani waliofungwa mle.

Sikwenda peke yangu. Jirani yangu, mama mmoja mzaliwa wa Uvira aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa Ohio, aliposikia ninakokwenda aliuliza jambo moja tu: watu hao walivuka kwa mtumbwi? Nikamwambia wengi ndiyo. Akasema atakuja.

Mji wa kwanza kushuka ni Ripley. Uliasisiwa mwaka 1812 na James Poage, mzaliwa wa Virginia aliyechukizwa na utumwa, na kwa muda mrefu ulikuwa bandari yenye shughuli nyingi: mashua zikiundwa, nguruwe wakichinjwa na nyama yao kupakiwa kwa maelfu. Leo ni mji mdogo uliotulia. Barabara ya mbele, Front Street, inatazama mto moja kwa moja, na nyumba zake za zamani zimesimama bega kwa bega, nyingi zikiwa na kibao cha historia mlangoni. Hii ya daktari Alexander Campbell, aliyewahi kuwa seneta na akawa miongoni mwa wapinga utumwa wa mwanzo wa mji. Ile ya Thomas McCague, tajiri wa nyama ya nguruwe ambaye yeye na mkewe waliwaficha watoro kwa siri huku akifanya biashara na wenye watumwa. Mtandao wa watu kama hawa ndio Wamarekani wanaouita Reli ya Chini ya Ardhi. Haukuwa na treni wala chuma njiani. Ulikuwa nyumba moja kumpeleka mtu usiku kwenye nyumba nyingine, mpaka Kanada.

Wageni wengi wakifika Ripley hupanda kwanza kilimani, kwenye nyumba ya mchungaji John Rankin. Sisi tulianza chini, mtoni, kwenye nyumba ya John Parker, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo.

Parker alizaliwa Norfolk, Virginia, mwaka 1827. Mama yake alikuwa mtumwa, baba yake mzungu. Alipokuwa na umri wa miaka minane aliuzwa akatenganishwa na mama yake, akafungwa mnyororo, akatembezwa kwa miguu hadi Richmond, kisha akapelekwa hadi Mobile, Alabama. Huko alinunuliwa na daktari. Alijifunza kusoma, alijifunza kazi ya kusubu chuma, akatoroka akakamatwa, na mwishowe mwaka 1845 akajinunua mwenyewe kwa dola 1,800 alizozilipa kidogo kidogo kutoka kwenye ujira wake. Baadaye akahamia Ripley na mkewe Miranda, akafungua karakana yake ya kusubu chuma palepale ukingoni. Mchana alikuwa fundi na mwajiri. Usiku alipiga kasia kwenda Kentucky, ambako kulikuwa na dau la dola 1,000 kwa atakayemleta akiwa hai au maiti.

Simama hapo kidogo. Wapinga utumwa wengi wa Ripley walimpokea mtoro aliyekwisha kufika. Parker aliwafuata huko waliko, ndani ya nchi ambayo sheria yake ingemrudisha utumwani au kumuua, naye alikuwa na karatasi zake za uhuru, biashara na watoto nyumbani.

Nyumba yake ni ya matofali na si kubwa. Mzee aliyetutembeza vyumbani ni miongoni mwa wenyeji wanaojitolea kuitunza, na alisimulia kwa utaratibu wa mtu asiyechoka kuisimulia habari hiyo. Alitueleza jinsi mfanyakazi mmoja wa karakana, ambaye baba yake alikuwa na watumwa ng'ambo, alivyomchokoza Parker kwamba hathubutu kuwaiba watumwa wa mzee wake. Parker akathubutu. Mwenye watumwa, kwa kuhisi hatari, alikuwa amemchukua mtoto mchanga wa mtumwa mmoja na kumlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, upande wa miguuni, akijua wazazi hawataondoka bila mtoto. Bastola zilikuwa kwenye kiti, mshumaa unawaka. Parker akaingia chumba kile akitambaa, akamnyakua mtoto, bastola zikaanguka, mshumaa ukazimika, na yeye akakimbia na familia yote hadi kwenye mashua. Mwenye mali akaja Ripley kuwatafuta, lakini hakuwapata.

Lakini habari iliyomfanya jirani yangu akae kwenye benchi ni nyingine. Usiku mmoja Parker alikuta kundi la watoro kubwa kuliko mashua yake. Alipojaza, wanaume wawili wakabaki ukingoni, na mmoja wao mkewe alikuwa tayari ndani ya mashua. Mke akaanza kulia. Ndipo mwanamume mwingine, aliyekuwa ameshapata nafasi, akainuka bila kusema kitu, akashuka, akampisha yule mume. Mashua ikaondoka. Wakiwa bado majini walisikia kelele za wawindaji kule ukingoni, wakajua wale waliobaki wamekamatwa.

"Aliitwa nani huyo?" mama aliniuliza.

Nikamtafsiria mzee swali. Akatikisa kichwa. Jina lake halimo popote.

Na hapa ndipo kiini cha safari hii kwangu. Parker alikuwa na daftari. Aliandika humo majina, tarehe na habari za kila mtu aliyemsaidia kutoroka, na mpaka wakati ule walikuwa wamefika 315. Mwaka 1850 Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya ya watoro, kali kuliko ya zamani: raia wa majimbo huru walilazimishwa kusaidia kuwakamata, na aliyemficha mtoro alikabiliwa na faini na kifungo. Daftari lile lilikuwa ushahidi wa kumfilisi na kuwaangamiza wengine. Parker akalitupa kwenye tanuri la karakana yake. Watu 315 wakaungua kwenye karatasi ili wabaki salama walikokuwa. Kwa hiyo unapotembea Kaunti ya Brown unasoma vibao vingi vyenye majina ya waliofungua mlango, na karibu hakuna vyenye majina ya waliobisha hodi.

Hata habari za Parker mwenyewe ziliponea chupuchupu. Alihojiwa na mwandishi wa habari katika miaka ya 1880, lakini mahojiano yale yalikaa kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Duke mpaka yalipochapishwa kitabu mwaka 1996, zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka uliofuata nyumba yake ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taifa. Huyu ni mtu ambaye pia alipata hataza za mashine za kugandamiza tumbaku mwaka 1884 na 1885, mmoja wa Wamarekani weusi wachache waliopata hataza kabla ya 1900, mwaka aliofariki. Kwamba alisahauliwa muda wote huo ni dhuluma, na sioni neno la kuipunguzia uzito.

Tulipotoka tulivuka barabara hadi ukingoni. Mto leo ni mpana na mzito, umetulia kama ziwa. Mzee alikuwa ametuambia kwamba zamani haukuwa hivi: kabla ya mabwawa na milango ya meli kujengwa, maji yalikuwa haba na mto mwembamba, na kiangazi kikali kiliyapunguza zaidi. Majira ya baridi uliganda. Mama alitazama muda mrefu.

"Sisi tulivuka usiku," alisema. "Tanganyika ile si mchezo, mwanangu, lakini mchana ulikuwa wa wenye bunduki."

Nilimjibu "Ndiyo, mama," nikanyamaza.

Kutoka mjini unaweza kupanda kwa gari mpaka juu ya kilima, au kwa ngazi. Ngazi za leo zimejengwa upya mahali zilipokuwa za zamani, zipatazo mia moja, na tulizipanda polepole kwa sababu ya joto la Juni na unyevu wake. Juu kuna uwanja wa nyasi na nyumba ndogo ya matofali iliyojengwa mwaka 1828. Ukiiona utashangaa kwamba John Rankin na mkewe Jean walilea humo watoto 13. Kutoka mlangoni unauona mto ukipinda kulia na kushoto, paa za Ripley miguuni, na Kentucky yote imelala mbele yako. Hapo ndipo taa ilipowashwa dirishani, na watu waliokuwa mashambani ng'ambo wakaiona wakajua pa kuelekea. Inakadiriwa kwamba watoro wapatao 2,000 walipitia kwa familia hii katika miaka yote ya kazi yao.

Rankin alikuwa mchungaji wa Kipresibiteri, mzaliwa wa Tennessee, aliyehamia Ripley mwaka 1822. Baada ya kufika alipata habari kwamba ndugu yake Thomas, aliyekuwa Virginia, amenunua watumwa. Akamwandikia mfululizo wa barua za kumpinga hoja kwa hoja. Barua hizo zilitoka kwenye gazeti la Ripley, kisha zikawa kitabu mwaka 1826, na zikasomwa na vizazi vya wapinga utumwa wa Marekani. Thomas mwenyewe aliwaacha huru watumwa wake. Sijui hoja nyingi za maandishi zilizowahi kushinda namna hiyo, ndani ya familia moja.

Nyumba hii haikuwa salama. Mwaka 1841 genge kutoka ng'ambo lilikuja usiku, na wana wa Rankin wakapambana nalo kwa risasi palepale uani. Kuisoma habari hiyo kitabuni ni jambo moja. Kusimama uani, ukaona jinsi nyumba ilivyo wazi pande zote, ni jambo jingine.

Na ni nyumba hii ambayo mwanamke mmoja alifika majira ya baridi ya mwaka 1838, akiwa ameuvuka mto juu ya barafu iliyoanza kupasuka, mtoto mikononi. Inasimuliwa kwamba mwindaji wa watoro aliyekuwa akilinda ukingo wa Ripley alimwona akitoka majini, akamsikia mtoto akilia, akashindwa kumkamata, akamwonyesha njia ya kilimani. Rankin aliwasimulia wenzake. Habari ikamfikia Harriet Beecher Stowe, aliyekuwa akiishi Cincinnati wakati huo, na mwaka 1852 akaichapisha katika riwaya yake ya Uncle Tom's Cabin kupitia mhusika aitwaye Eliza. Dunia nzima ikamjua Eliza. Lakini Eliza ni jina la riwayani. Mwanamke mtoro maarufu kuliko wote waliopita Ripley, naye jina lake la kweli limepotea.

Nimekulia Bagamoyo, mji ambao njia ya misafara kutoka Ujiji iliishia baharini. Kule pia tunajua majina ya masultani, ya wafanyabiashara, ya wamisionari walioanzisha kijiji cha walioachwa huru mwaka 1868. Waliotembea njia nzima na pembe mabegani hatuna orodha yao. Nilipokuwa kilimani kwa Rankin nilifikiri kwamba Ripley, kwa daftari lile lililoungua, angalau wanaweza kukwambia majina yalikwenda wapi.

Baada ya chakula cha mchana tulichukua barabara za ndani kwenda Red Oak, kilomita chache kaskazini. Hakuna mji hapo, ni kanisa la mawe la mwaka 1817 na makaburi yake kati ya mashamba. Mchungaji wake James Gilliland alikuja kutoka South Carolina, alikozuiwa kuhubiri dhidi ya utumwa, na waumini wake wakawa kituo kinachofuata baada ya Ripley. Kwenye makaburi hayo amelazwa pia Rosa Washington Riles, mwanamke mweusi mzaliwa wa sehemu hizi aliyezungushwa nchini katika karne ya 20 akiigiza sura ya mpishi iliyochorwa kwenye paketi za unga wa chapati za maji. Kaburi lake lina watu wanaolitembelea. Nilisimama hapo nikifurahi kwamba jiwe lina jina lake, si jina la paketi.

Georgetown, makao makuu ya kaunti, ni hadithi nyingine na wageni wake ni wengine. Hapa alilelewa Ulysses S. Grant, jemadari wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alizaliwa Point Pleasant katika kaunti jirani mwaka 1822, na mwaka uliofuata baba yake Jesse akaihamishia familia hapa akajenga nyumba na kiwanda cha kutengeneza ngozi ng'ambo ya barabara. Majengo yote mawili bado yapo. Kijana aliichukia kazi ya ngozi, damu yake na harufu yake, akapenda farasi kuliko kitu chochote. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi alivyotumwa utotoni kununua mwanafarasi, akamweleza muuzaji bei ya kuanzia aliyoagizwa na baba yake pamoja na bei ya mwisho, zote kwa pamoja. Bila shaka alilipa ya mwisho. Shule yake ya mwaka 1829 nayo imehifadhiwa, chumba kidogo chenye madawati. Kilichonivutia ni kwamba kabla ya kwenda chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1839 alisoma Ripley kwa muda, kwenye shule ya Rankin. Kwa hiyo jemadari aliyepokea kusalimu amri kwa Lee, jemadari wa Kusini, mwezi Aprili 1865 alikaa darasani chini ya kilima kile chenye taa. Ramani za utalii zinamweka Grant kwenye njia yake na watoro kwenye njia yao. Ardhi yenyewe haiwatenganishi.

Tulipita mashamba kuelekea kaskazini. Nyuma yetu, karibu na mto, upande wa Higginsport, mwaka 1864 iligunduliwa aina ya tumbaku yenye majani meupe, burley ambayo wakulima wa Malawi wanaitegemea mpaka leo. Ripley kuna jumba dogo la makumbusho ya tumbaku kwa anayependa.

Mahali pa mwisho hapana jengo la kutazama. Samuel Gist alikuwa mfanyabiashara Mwingereza mwenye mashamba na watumwa Virginia, aliyefariki London mwaka 1815, na kwa wosia wake watu hao waliachwa huru. Mamia yao wakaletwa Ohio, na mwaka 1819 wakanunuliwa ardhi katika Kaunti ya Brown. Uhuru wao ulianza kwenye udongo mbaya wenye maji yaliyotuama, mikononi mwa mawakala waliowasimamia vibaya, ndani ya jimbo ambalo sheria zake zilimtaka mtu mweusi anayehamia aweke dhamana ya dola 500 na ambazo hazikufutwa mpaka 1849. Ohio ilikataa utumwa. Hiyo haikuwa na maana kwamba iliwataka watu hao. Leo kuna kibao kando ya barabara, na mahindi.

Sisemi hivi kuwapunguzia sifa watu wa kilimani. Walihatarisha watoto wao, na nyumba yao inastahili kila senti iliyotumika kuitunza. Lakini kaunti hii bado inasimulia zaidi upande wa mlango kuliko upande wa mto, na msafiri makini ana kazi ya kusawazisha mwenyewe kwa mpangilio wa ziara yake.

Kwa hiyo, kwa Waswahili wote mlioko Cincinnati, Dayton, Columbus, Louisville na Lexington: Ripley si mbali. Kutoka Cincinnati ni kama kilomita 80. Nendeni kati ya Mei na Oktoba, na pigeni simu kwanza kwa sababu saa za kufungua hubadilika na nyumba hizi hutegemea watu wachache. Anzeni kwa Parker. Tazameni mto kabla ya kupanda kwa Rankin. Msiruke Red Oak wala kibao cha Gist. Wachukueni watoto, na wachukueni wazee waliovuka maji yao wenyewe kuja hapa, na mkirudi nyumbani andikeni majina yao, tarehe na walikopitia. Sisi hatuna wa kuogopa tukiandika.